Mgombea Wetu na Neno la Umeme, Makala na Moshi

Haya ndiyo maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa chama, kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa mji. Tunayachapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini saa ile, nao wapate kuyasoma na kuyasomea wengine.

Wandugu wapenzi, wababa na wamama, vijana wa kazi,

Tumewaita leo kwa ajili ya neno moja. Siku za uchaguzi zikikaribia, watu wengi wanaingia katika kartiye zetu. Wanagawa vitambaa na kofia, wanapiga muziki, na kila mmoja anapaza sauti: «Nitawaletea umeme!» Tunapiga makofi. Kiisha uchaguzi mtu anapanda ndege kwenda Kinshasa. Sisi tunabaki na kitambaa chake, na nyumba inabaki na giza lake.

Chama chetu kimeweka mgombea kwa kiti cha depite katika Bunge la taifa. Nasi hatupendi mumchague kwa kitambaa. Tumekaa naye, tumemwuliza maneno mengi juu ya umeme, juu ya makala, juu ya moshi na vumbi la migodi, na juu ya feza. Tumeandika majibu yake, naye ametia mkono wake chini ya karatasi. Leo tunawasomea karatasi hiyo, neno kwa neno, na kuwaeleza sababu zake. Ahadi ni deni, na deni sherti lijulikane na watu wote, lisiwe siri ya watu wawili.

Lakini mbele ya kusoma, tukumbushane umeme wetu ulitoka wapi na ulikwenda wapi.

Mwaka 1930 Wabelgiji waliwasha kituo cha Mwadingusha, juu ya mto Lufira. Wakati ule walikiita Francqui. Mwaka 1950 kikafuata kituo cha Koni, juu ya mto uleule. Halafu wakaenda kwenye mto Lualaba wakajenga Nzilo, na mwaka 1956 wakafungua Nseke. Vituo hivi vinne vilijengwa kwa ajili ya Union Minière, ili shaba iyeyuke na mashini zisage mawe. Hata umeme ulipozidi, njia yake ya kwanza haikuelekea kwenye nyumba za watu weusi. Katika miaka ya 1950 walivuta nyaya kupita mpaka, wakaupeleka kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, inchi ambayo leo ni Zambia.

Wazee wetu walisema: «Ngojeni, uhuru ukifika, umeme utageuka kuja kwetu.» Uhuru ukafika mwaka 1960. Mwaka 1967 serikali ikaitwaa Union Minière. Mwaka 1970 ikaundwa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali. Kule Inga, karibu na mwisho wa mto Kongo, kituo cha kwanza kikawaka mwaka 1972 na cha pili mwaka 1982. Vyote viwili vilijengwa kwa nguvu ya megawati 1,775. Halafu ikavutwa laini kubwa kutoka Inga hata Kolwezi, urefu wa kilometa karibu 1,700, ikafunguliwa mwaka 1983. Deni lake lilikuwa kubwa, na inchi nzima ililibeba.

Sasa sikilizeni vizuri. Laini hiyo inapita juu ya Bandundu, inapita juu ya Kasai, juu ya mashamba ya mihogo na juu ya nyumba za majani. Ilipofunguliwa, hakuna mji hata mmoja wa njiani uliopata taa kutoka kwake. Umeme wake ni wa namna ya pekee, unakwenda upande mmoja tu bila kugeuka, na mtu akitaka kuutoa njiani, sherti ajenge kituo kikubwa cha kuugeuza, nacho ni cha feza nyingi. Kwa hiyo mwanakijiji alisimamishiwa nguzo za chuma kando ya shamba lake, na usiku alisomesha mtoto kwa taa ya mafuta. Watu wengi walisema kwamba Kinshasa ilitaka kushika mkononi ufunguo wa shaba ya Katanga, kwa sababu ya mambo ya kujitenga ya mwaka 1960 hata 1963. Ikiwa ni hivyo ama si hivyo, mwanakijiji hakupata kitu.

Mnaona, wandugu? Wakati wa Wabelgiji umeme ulipita juu ya vichwa vyetu. Wakati wa serikali yetu wenyewe umeme ulipita juu ya vichwa vyetu. Leo, ukihesabu watu watano katika Kongo, ni kama mmoja tu aliye na umeme nyumbani kwake. Na inchi hii ina maji ya mto Kongo, ambayo wahandisi wamepima kwamba kule Inga peke yake yaweza kutoa megawati 40,000 na zaidi. Basi shida yetu haikuanza kwa kukosa maji. Mwanzo wake ni kujua waya unaishia mlangoni kwa nani. Swali hili ndilo tulilomwuliza mgombea wetu kwanza, na ndilo mtakalomwuliza mgombea yeyote wa chama chochote.

NENO LA KWANZA: UMEME

Karatasi inasema hivi: «Nitadai kwamba kila mapatano kati ya SNEL na kampuni ya madini yachapwe, na kwamba katika kila kituo kinachotengenezwa upya, sehemu inayojulikana iwekwe kwa ajili ya nyumba, hospitali na pompi za maji.»

Kwa nini neno hili? Kwa sababu leo mambo yanafanyika hivi. SNEL haina feza za kutosha kutengeneza mashini zake zilizozeeka. Kampuni za madini zina feza na zina njaa ya umeme. Basi kampuni inalipa matengenezo, halafu inarudishiwa feza zake pole pole kwa kupunguziwa fakture za umeme. Kituo cha Mwadingusha kilitengenezwa kwa namna hiyo. Mashini zake sita zikawekwa upya, megawati 78, na mwaka 2021 umeme ukaanza kwenda kwenye mgodi wa Kamoa-Kakula. Kule Lualaba kikajengwa Busanga, megawati 240, kwanza kwa ajili ya kazi za Sicomines.

Hatusemi kwamba ni vibaya kutengeneza mashini. Kituo kilichovunjika hakimsaidii mtu. Mgodi nao ukikosa umeme unafunga, na kazi yako inafunga pamoja nao. Tunasema hivi: maji yanayogeuza mashini zile ni ya watu wa Kongo, hayakuletwa na kampuni yoyote katika meli. Anayelipa matengenezo arudishiwe feza zake, ndiyo. Lakini mwenye maji naye apate taa. Kama mapatano yanasema kwamba megawati sabini ni za mgodi na nane ni za mji, tuzione hizo nane katika karatasi, tuzitafute katika kabini za kartiye zetu. Na kama hakuna hata moja, tujue pia, tuulize aliyetia mkono ni nani.

Mgombea wetu ameahidi maneno mengine mawili madogo. La kwanza, SNEL itangaze saa za delestaji kwa kila kartiye, na izifuate. Mama anayeuza samaki katika friji yake akijua umeme utakatika saa gani, hatapoteza mali yake. Fundi wa kuunganisha chuma atapanga kazi yake. La pili, asilipishwe mtu fakture ya kukisia. Kila nyumba iwe na kontere yake, ile mashini ya kupima umeme, na mtu alipe kile alichotumia. Mnajua wenyewe kwamba mwezi wa giza na mwezi wa mwangaza inaleta fakture moja.

Tena kuna neno la maji. Maji ya bomba yanasukumwa na pompi, na pompi inataka umeme. Umeme ukikatika, bomba linakauka, watoto wanakwenda kuteka katika visima vifupi, na kipindupindu kinapata mlango. Kwa hiyo mtu akisema kwamba umeme ni anasa ya watu wa ofisi, mwambieni aende akahesabu mabidoni kwenye foleni ya kisima.

Sheria ya umeme ya mwaka 2014 iliondoa ile desturi ya SNEL kuwa peke yake. Leo mtu mwingine aweza kuzalisha na kuuza umeme. Mgombea wetu anakubali jambo hilo, na anataka komini zitumie nafasi hiyo kuweka mashini za jua kwenye vituo vya afya na kwenye pompi. Lakini anaongeza: bei isiachwe kwa mwenye mashini peke yake. Sheria imeweka ofisi ya kusimamia bei, na depite ana haki ya kuiita na kuiuliza.

NENO LA PILI: MAKALA

Hapa wagombea wengi wanakimbia, maana neno lenyewe ni gumu. Tutazame mbabula zetu. Katika miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wengi wanapika bukari kwa makala, hata katika nyumba zenye taa, maana umeme hautegemeki. Makala hayo yanatoka katika pori la miombo. Zamani mchomaji alikata miti karibu na mji. Leo anakwenda mbali, na kila mwaka mbali zaidi. Tazameni alfajiri barabara zinazoingia mjini: vijana wanasukuma kinga zilizopakiwa magunia, kamyo zinafuata na magunia hata juu ya paa. Kila kilometa inayoongezeka inaongeza bei ya gunia. Kwa hiyo pori linapokwisha, si mnyama peke yake anayelia. Mama wa kartiye analia pia, akihesabu feza za makala mbele ya feza za unga.

Pori la miombo linatupa vitu vingi kuliko makala. Linatupa vinkubala na uyoga wakati wa mvua, linatupa asali na dawa za wazee, tena linashika maji ya vijito vinavyoingia katika Lufira na Lualaba. Mlima ukivuliwa miti, udongo wake unachukuliwa na mvua, unakwenda kujaza bwawa. Bwawa likijaa matope, maji ya kugeuza mashini yanapunguka. Basi mtu anayekata mti kwa sababu hana umeme, anaupunguza umeme ambao hajaupata bado. Ndiyo fundo lenyewe, nalo haliwezi kufunguliwa kwa bunduki ya mlinzi wa pori.

Karatasi ya mgombea wetu inasema: «Sitaomba sheria ya kufunga watu wa makala mbele ya kuwapa watu kitu kingine cha kupikia.» Tunapenda jibu hili kwa sababu ni la kweli. Mchomaji wa makala ni mtoto wetu aliyekosa kazi. Ukimkataza leo na usimpe njia, atachoma usiku, na askari wa barabarani ataongeza bei yake juu ya gunia. Jambo la kwanza ni umeme unaotegemeka katika nyumba zile zilizo na waya tayari, maana nyumba ile ikiacha makala, magunia mengi yanabaki porini. La pili, mbabula zinazokula makala machache, ambazo mafundi wetu waweza kuzitengeneza kwa bati na udongo. La tatu, sehemu ya feza za migodi itumike kupanda miti inayokua upesi karibu na miji, na machifu wa vijiji wapewe haki ya kweli juu ya pori lao, ili mwenye pori awe na sababu ya kulilinda.

NENO LA TATU: MOSHI, VUMBI NA ASIDI

Wandugu wa migodi, hapa hatuna haja ya kuwafundisha. Mnajua vumbi la karyeri na harufu ya asidi. Mnajua kamyo zinazopita bila kufunikwa. Mnajua vijito vinavyobadili rangi. Watu wa Lubumbashi wanaujua mlima mweusi na bomba refu la moshi. Tangu mwaka 1911, pale tanuru la kwanza lilipoyeyusha shaba, upepo ulichukua moshi juu ya kartiye, na udongo wa kartiye hizo umebeba madini hata leo.

Zamani mtu akilalamika, aliambiwa: «Ni mawazo yako tu.» Leo hawawezi kusema hivyo. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven katika Ubelgiji, wamepima. Mwaka 2009 walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti katika mkojo wao kwa kipimo ambacho hakikuwahi kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida, wasiotumika kazi hiyo. Mwaka 2018 waliandika juu ya Kasulo, kartiye ya Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watoto wa pale walikutwa na kobalti nyingi mwilini kuliko wakubwa wao, pamoja na alama za kuharibika ndani ya chembe za mwili. Mwaka 2020 waliandika juu ya watoto wanaozaliwa na kilema katika Lubumbashi, wakaona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye baba yake anatumika katika kazi ya madini.

Rudieni maneno hayo polepole. Baba anatumika, mtoto analipa.

Na kobalti hiyo inakwenda wapi? Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Inatiwa katika batri za magari ya umeme, ili hewa ya miji ya Ulaya, ya China na ya Marekani isafike. Hatuoni wivu juu ya hewa yao. Mwanadamu popote ana haki ya kupumua vizuri. Lakini haiwezekani gari liitwe safi kule, na mtoto wa Kolwezi awe ndiye pahali pa kutupia uchafu wake. Anayetaka batri safi alipe bei ya kobalti iliyochimbwa safi.

Karatasi inasema: «Nitadai mambo matatu. Maji, hewa na udongo wa kartiye za karibu na migodi vipimwe na watu wasiolipwa na kampuni, na vipimo vibandikwe ukutani kwa komini. Mfanyakazi apewe karatasi ya daktari wake mkononi, isifungiwe katika ofisi ya kampuni. Na pahali palipoharibiwa, mwenye kuharibu atengeneze kwa feza zake, mbele ya kufungua pahali pengine.»

Haya hayahitaji sheria mpya kubwa. Inchi ina sheria ya mazingira ya mwaka 2011. Kodi ya Madini ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inaagiza kampuni ieleze mbele ya kazi namna itakavyolinda maji na udongo, na iweke feza za kutengenezea pahali pale kazi itakapokwisha. Sheria iko. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma kwa sauti kubwa mbele ya waziri na kungoja jibu.

NENO LA NNE: FEZA

Mtauliza: «Mambo hayo yote mazuri, nani atalipa?» Swali hili ni la haki. Mgombea asiyeweza kulijibu, mrudisheni kwao.

Sikilizeni hesabu. Kila kampuni ya madini inalipa kodi inayoitwa redevansi kwa mali inayouza. Kwa shaba ni franka tatu na nusu katika mia. Kobalti iliwekwa mwaka 2018 kati ya madini ya pekee, inalipa franka kumi katika mia. Sasa, katika kila franka mia za redevansi, sheria inasema hivi: hamsini ni za serikali ya Kinshasa, ishirini na tano ni za jimbo, kumi na tano ni za komini ao utawala wa kichifu pale mgodi ulipo, na kumi ni za mfuko wa watoto watakaozaliwa, ili nao wakute kitu siku ambapo madini yatakwisha. Tena, mbali na redevansi, kila kampuni inapashwa kutoa franka tatu katika kila elfu ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi.

Wandugu, hizo ni feza zenu. Si zawadi ya gavana. Si wema wa kampuni. Nani kati yetu amekwisha kuona ukutani kwa komini yake hesabu ya zile kumi na tano? Zilipoingia, ziliingia ngapi? Zilipotoka, zilinunua nini? Kabini ngapi? Pompi ngapi?

Karatasi inasema: «Nitaomba kwamba hesabu ya redevansi ibandikwe kila miezi mitatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mahali mtu anapopita.» Neno hili ni dogo, halijengi bwawa. Lakini sisi tunaliweka juu ya mengine yote, maana bila hilo mengine matatu ni upepo. Kabini ya umeme inanunuliwa kwa feza, mti unapandwa kwa feza, maji yanapimwa kwa feza. Anayejua feza ziko wapi ndiye anayeweza kusema: «Leteni.»

JUU YA WALE WENYE HOFU

Tumesikia ndugu mmoja akisema: «Mkisumbua kampuni juu ya moshi, zitafunga, nasi tutakosa posho.» Hatumcheki. Anayelisha watoto ana haki ya kuogopa. Lakini tukumbuke mambo yaliyopita.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani za shaba zaidi ya 470,000. Mwaka 2003 hazikufika 20,000. Katika mwaka huo na uliofuata wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini, wakaambiwa kwamba wamekwenda kwa mapenzi yao. Tunaishi nao. Ni wababa zetu na wajomba zetu. Je, kazi ile iliuawa na mtu aliyeomba kupima maji? Hapana. Mashini zilizeeka bila kubadilishwa. Feza ya shaba ilitolewa kwa mambo mengine. Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. Hesabu zilifichwa hata siku ya mwisho. Giza la hesabu ndilo lililoua kazi, na mwangaza wa hesabu ndio tunaouomba leo. Tena mgodi una wakati wake, mawe yatakwisha. Siku ile kampuni itafunga mabegi, nasi tutabaki na udongo huu, kama ni mzima ama kama ni mgonjwa.

YALE ASIYOYAAHIDI

Ni haki pia kuwaambia mambo ambayo mgombea wetu amekataa kuyaahidi.

Amekataa kuahidi Inga mpya. Tuliona sababu yake. Mwaka 2013 serikali ilipatana na Afrika ya Kusini juu ya Inga ya tatu, megawati 2,500 ziende kule. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ikasimamisha msaada wake. Mwaka 2025 ikarudi na dola milioni 250 kwa kazi za kwanza. Miaka inapita, na wanaosaini wanabadilika. Depite mmoja anayesema atawasha Inga katika miaka mitano anawadanganya. Anachoweza kufanya ni kusimama siku ya kujadili mapatano na kuuliza lile swali letu: waya unaishia mlangoni kwa nani?

Amekataa pia kuahidi kwamba umeme utakuwa bure. Kitu cha bure hakina wa kukitengeneza. Ameahidi bei inayojulikana kwa umeme unaofika.

Tena hakuahidi kumpa mtu kazi katika SNEL ama katika mgodi. Depite hagawi kazi. Anayewaahidi kazi mia kwa kura zenu, mwulizeni atamfukuza nani.

TUNAYOOMBA KWENU

Wandugu, mgombea mwema peke yake katika Bunge ni kama mtu anayesukuma kamyo mlimani. Anaweza kuchoka, anaweza kununuliwa, anaweza kusahau. Kwa hiyo karatasi hii haikuandikwa kwa ajili yake tu. Chukueni maneno yake manne, myashike kichwani: umeme wa nyumba, makala, moshi na feza. Akija mgombea wa chama kingine, msimzomee. Mpeni kiti, mwulizeni maneno yaleyale manne. Akiwa na jibu bora kuliko letu, tutalisikia bila haya, na wetu atapashwa kujifunza. Akipiga muziki tu, mwacheni acheze, halafu aende zake.

Na huyu wetu akichaguliwa, kazi yenu haitakuwa imekwisha. Kila kartiye iweke watu watatu, na kati yao awe mama mmoja anayepika kwa makala. Kila miezi mitatu waende kwa komini kutazama ukuta. Hesabu ikiwapo, waisome kwa sauti mbele ya jirani. Isipokuwapo, waandike barua, waipeleke kwa depite, nasi tutaichapa hapa pamoja na jina la ofisi iliyonyamaza. Depite naye sherti arudi mbele ya mkutano kama huu mara mbili kwa mwaka, na karatasi yake mkononi, aseme: hili nimelifanya, hili limenishinda kwa sababu hii. Asiporudi, mtajua la kufanya siku ya kura.

Wababa zetu waliimba uhuru wakidhani bendera ikipanda, nguzo za umeme zitainama kuelekea kwetu. Nguzo haziinami zenyewe. Zinavutwa na watu wanaojua haki yao na wasiochoka kuuliza.

Uhuru, umoja na kazi!